Sote Tuliitika

Umeshawasikia watu wakitishana kwamba utakiona cha mtema kuni. Mama anamwambia mtoto, askari anamwambia mwizi, mke anamwambia mume aliyechelewa kurudi. Sasa niambie wewe, huyo mtema kuni alikiona nini? Nimewauliza watu wazima wenye akili zao, wakacheka, wakasema ni msemo tu. Ati msemo tu. Mtu ameona jambo zito kiasi cha kugeuzwa kitisho cha nchi nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza alikuwa anaitwa nani. Mimi hilo linanikera. Linanikera kwa sababu mimi ndiye yeye, au ni mmojawapo wa yeye, na hapa nilipo nina shoka mkononi, jua limeganda juu ya vilele vya miti, na chini ya mvule ulioanguka kuna mkono wa mtu, vidole vinajikunja na kujikunjua.

Ngoja, nitafika kwenye huo mkono. Acha kwanza nikueleze habari ya jina, maana bila jina hutaelewa kwa nini mwenye mkono ule hakuokolewa palepale.

Huko nje, kwenye nchi zenye barabara, sisi tungeitwa wakata miti, basi, yameisha. Humu msituni tunaitwa Mbelwa wa Ghala. Sote. Ukivuka kile kisiki cha mpakani na shoka begani, wewe ni Mbelwa. Aliye mbele yako ni Mbelwa, aliye nyuma yako ni Mbelwa, aliyekufa jana ni Mbelwa, na atakayekuja kesho tayari ni Mbelwa ingawa sasa hivi yuko kwao anakula ubwabwa na wadogo zake. Ghala ndiko mbao zetu zinakokwenda, hilo tulilijua. Lakini Mbelwa ni nini, au ni nani, na kwa nini Mbelwa na si neno jingine? Msimamizi alisema jina hilo lilikuwapo kabla ya miti. Mwenye Sikio Moja, mkataji wa siku nyingi tuliyempa jina la utani kwa sababu ya kilema chake, alishikilia kwamba maana yake ni mtu asiyechoka. Mwingine alisema ni sauti ya shoka likiingia kwenye gome bichi. Kila mtu alikuwa na asili yake ya neno, na sote tulilala fofofo juu ya asili hizo.

Na usidhani tulikuja bila majina. Tulikuja nayo, tena mazuri, ya nyumbani, mengine ya mababu. Ila tulikuwa na desturi yetu. Msumeno wetu ni wa watu wawili: mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni chini yake, na mbao inapasuka katikati yao. Wa juu anaona mbingu, wa chini anakula unga wa mbao. Basi hao wawili watakaoshika msumeno mmoja, kabla hawajavuka mpaka, hukaa pamoja na kuambiana majina yao kwa kunong'ona, mara moja tu. Mimi nakukabidhi langu, wewe unanikabidhi lako. Baada ya hapo ni mwiko kuyatamka mpaka mmoja afe, na aliyebaki atalisema jina la mwenziwe juu ya kaburi ili asifike huko aendako kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kujitunzia jina lako kwetu kulihesabika uchoyo. Na kweli, ulitunze la nini? Wewe hujiiti.

Mwenzangu wa msumeno alikuwa mtu wa chini. Alilipenda shimo, eti kuna kivuli. Mwembamba, meno ya mbele yameachana, na alikuwa na tabia ya kucheka kwa pua hata pasipo na cha kuchekesha. Nikichoka kuvuta, yeye alijua kabla yangu. Msumeno unasema, uchovu wa wa juu unashuka hadi mikononi mwa wa chini, basi akawa ananisukumia kidogo kutoka kule shimoni, asiseme kitu, na jioni asinidai shukrani. Mimi kwa mama yangu nilizaliwa peke yangu. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu, na sina haja ya kulizungusha.

Siku hiyo, kama ilikuwa siku, tulikuwa mteremkoni tunaangusha mvule ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia. Ulitakiwa uanguke kuelekea bondeni. Ulipolia na kuanza kuinama, ukajipindua juu ya kisiki chake na kuja upande wetu. Mtu mmoja huko juu aliona hatari akapiga kelele: Mbelwa, ruka!

Tukaruka. Hebu fikiri hapo. Watu wote wa mteremko ule, kila mmoja akiamini ndiye anayeambiwa, kila mmoja akaruka upande wake. Waliokuwa mbali na hatari waliruka, wawili wakagongana vichwa, mmoja akaingia kwenye shimo la mbao. Mwenzangu naye akaruka. Kule aliporukia ndiko mti ulikokuwa unakuja. Angesimama palepale alipokuwa, bila kufanya lolote, mti ungempita. Hilo ni kosa ambalo hapa duniani haliwezi kufanywa na watu wengine isipokuwa sisi.

Vumbi lilipotulia nikauona mkono. Ulitokea kwenye uwazi mdogo kati ya gogo na ardhi, umepakaa matope. Nikapiga magoti nikaushika, ukanibana. Yu hai. Nikafungua mdomo nimwite, maana mtu aliyefukiwa huitwa kwa jina lake ili asipotelee kulekule ndani. Jina halikuwapo. Nilipapasa chini ya ulimi, nikapapasa nyuma ya meno, nikapapasa kifuani, nikakuta Mbelwa. Nikapapasa tena, Mbelwa. Kwa kumwita hivyo mchana kutwa, mwaka mzima, lile alilonikabidhi lilikuwa limelika taratibu, kama meno ya msumeno unaonolewa kila siku. Hapo hapo wazo jingine likanichoma: langu mimi analo yeye, chini ya mti. Akifa, nami nitakuwa Mbelwa hata kaburini. Nilishikwa na hofu mbili kwa mpigo, na sitakudanganya ni ipi iliyokuwa kubwa.

Baragumu likalia. Wito.

Msimamizi wetu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalokatisha tamaa kuliko yote. Ni mpole, shati lake jeupe, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Kila ajali inapotokea husimama juu ya kisiki na kuita mara moja, kisha husikiliza. Aliyeitwa akiitika, yupo. Asipoitika, amekosekana, na kazi yote ya msitu husimama mpaka apatikane. Sheria nzuri. Ningekuwa mgeni ningeisifu.

"Mbelwa," akaita.

"Nipo," tukaitika.

Nasema tukaitika. Mdomo wangu uliitika pamoja na ya wengine kabla sijauzuia, na mkono wa mwenzangu umo ndani ya mkono wangu. Sauti zetu zilikwenda bondeni zikarudi. Msimamizi akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli, akasema hakuna aliyekosekana, Mungu ni mwema, turudi kazini. Nikamkimbilia.

"Bwana Msimamizi, kuna mtu chini ya mti."

"Nani?"

"Mbelwa."

"Mbelwa ameitika. Umemsikia mwenyewe."

"Huyu ni mwingine."

"Mwingine nani?"

Yeye akanishika bega, akanieleza kwa upole kwamba mvule ule hauinuliki ila kwa mikono yote na nyenzo zote za msitu, na hawezi kuwatoa watu wote kazini kwa ajili ya mtu ambaye yupo. Nikamwambia aje auone mkono. Akaja, akauona, akainama hata akaugusa, na macho yake yakalengwa na machozi. Akasema mkono ni mkono, hauna jina. Kazi husimama kwa aliyekosekana, nimletee jina la aliyekosekana naye atausimamisha msitu mzima. Nikamwuliza nikilikosa je?

"Basi hajakosekana," akasema, akafuta machozi, akaenda zake.

Mashoka yakaanza tena. Unaijua sauti ya shoka wewe? Ni kama mtu anayebisha hodi mahali ambapo hapakaliwi.

Jina. Lilianza na nini? A. Labda A. La, lilikuwa na kishindo mwanzoni, kama mtu anayetua mzigo. Alinitajia tukiwa tumekaa, magoti yamegusana, mdomo wake unanuka tangawizi. Tangawizi naikumbuka! Nakumbuka kiraka cha kaptura yake, nakumbuka siafu aliyekuwa akipanda kwenye kifundo cha mguu wake, namkumbuka siafu kuliko jina la mtu. Mtu ni nini basi? Ni meno yaliyoachana na kicheko cha puani? Hivyo ninavyo vyote, naweza kumchora mchangani mpaka nyusi zake, na bado havimtoi chini ya mti. Kinachoweza kumtoa ni neno dogo la pumzi moja, na neno hilo limo mikononi mwa wanaoita, halimo kwa anayeitwa. Mwenye kuita ana nguvu gani hii, Mola wangu, ya kumfanya mtu awepo au asiwepo, na nani alimpa?

Kulikuwa na mtu mmoja tu msituni mwenye jina lake mwenyewe. Ni Bi Nasemba, mpishi wa uji wa Ghala, kwa sababu yeye hakuvuka mpaka na shoka. Alivuka na sufuria. Nikawaza, kama kuna anayekumbuka mambo ya kabla ya mashoka, ni yeye. Nikaubana ule mkono, nikauambia narudi, nikatimka.

Njia ya Ghala inapita katikati ya visiki, na hapo mambo hayakai sawa. Visiki vina pete ndani, kila pete mwaka, na ukivitazama sana unaanza kuzunguka navyo. Nikapishana na mzee amebeba ubao begani, mwenye uso wangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama. Nilipofika kwenye kona nikakuta ubao uko begani kwangu mimi, mikono yangu imeota madoa ya uzee, na kijana anayefanana nami ananiamkia. Nikasema marahaba, sikusimama. Ningesimama ningeganda pale. Nikautupa ubao nikakimbia, na kila nilivyokimbia ndivyo nilivyozidi kurudi kwenye umri wangu, hadi nikafika mlangoni mwa Ghala nikiwa mimi, nikihema.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia ndani. Nilidhani mbao zetu zinajenga. Nilidhani huko mbele kuna miji, madaraja, madawati ya watoto wa shule. Loo. Kulikuwa na viti juu ya viti mpaka darini, havijakaliwa na mtu. Milango imeegemezwa ukutani, haina nyumba. Meza zimepinduliwa juu ya meza, makabati yamejazwa makabati madogo, na vitanda, vitanda, vitanda, kimoja hakijalaliwa. Vitu ambavyo hakuna anayevihitaji na hakuna anayethubutu kuvitupa. Kwa ajili ya hivi tunakufa. Nilikaa sakafuni kwa sababu kukaa kwenye kiti chochote pale kuliniogopesha, na nilitamani kulia, nikakuta nimekauka.

Bi Nasemba alikuwa upande wa pili, anakoroga uji juu ya moto wa miguu ya viti. Ni mama mkali, mwenye ulimi. Nilipomwamkia akaitikia bila kunitazama.

"Uji bado," akasema. "Nitakuita."

Kila siku hutuita hivyo, kutoka mlangoni: Mbelwa, njoo ule. Nasi tunateremka mbio na mabakuli. Sasa ndipo nilipomwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza. Nilimwuliza Mbelwa ni nani.

Upawa ukasimama ndani ya sufuria. Akaniambia kwamba tangu aanze kutupikia watu wote huja na mabakuli, hakuna aliyewahi kuja na swali. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kugomba, kana kwamba ananisimulia kosa la jirani.

Mbelwa alikuwa mwanawe wa kwanza. Enzi hizo msitu ulifika hadi mlangoni kwao, na hapakuwa na msimamizi wala wito. Kijana alitaka kuoa, akaenda kukata mti mmoja, mmoja tu, wa kuongezea kitanda. Sehemu ya kitanda alikuwa ameshaichonga, imo chumba cha nyuma. Hakurudi. Mama akaingia msituni kumwita. Kulikuwa na watu wengine mle, vijana wa watu wenye mashoka, nao waliposikia mama anavyoita mchana kutwa walishindwa kufanya kazi, mashoka yanawatoka mikononi. Ndipo mmoja wao, mpole, mwenye shati jeupe, alipowaambia wamwonee huruma mama wa watu. Mwitikieni, akasema, apoe. Mmoja akaitika nipo, mwingine naye nipo, kutoka kila pembe. Mama akaifuata kila sauti, na kila alipofika alimkuta mtoto wa mtu mwingine, ana shoka, ana njaa. Akampa uji aliombebea mwanawe. Kesho yake akaita tena, wakaitika tena, na yule mwenye shati akaona kwamba watu wanaoitikia jina moja ni rahisi kuwasimamia. Kile kitanda kisichokwisha kikabaki chumba cha nyuma, hakilaliwi, hakitupwi. Wakaanza kuweka mbao juu yake. Hilo ndilo Ghala.

Kumbe ndiyo hiyo asili ya neno. Mtoto wa mtu aliyepotea na chumba cha kitanda chake. Jina tunaloitikia kwa kujivuna, wengine tumelichonga kwenye mipini, ni la mtu ambaye hakuitika.

"Ulijua kwamba si yeye," nikamwambia.

"Mimi nisimjue mwanangu? Nilijua. Walikuwa na njaa, baba, ningefanyaje?"

"Na yeye mwenyewe?"

Aliuacha uji hadi ukaanza kushika chini, na kwa mpishi kama yule hilo si jambo dogo.

"Sauti zilikuwa nyingi," akasema. "Zote za kunihurumia. Kama yake ilikuwamo, sikuisikia."

Nikainuka. Hakuniuliza naenda wapi, nami sikumwambia, lakini nadhani tulilifikiria jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sababu nyuma yangu nilisikia sufuria ikiteremshwa motoni.

Mkono ulikuwa umepoa nilipofika. Nikaubana, ukachelewa, kisha ukanijibu kwa kidole kimoja. Nikaanza kupita kwa watu, mmoja baada ya mwingine, nikijifanya naazima tupa ya kunolea, na kila mmoja nikamnong'oneza jambo moja: wito ujao usiitike, ili asikike aliye chini ya mti. Wengine walinitazama kama nimepandwa na mashetani. Wengine waligeuka wakaendelea kukata. Unajua nilichokuwa nawaomba? Asiyeitika amekosekana, na hata akiwa bado anatafutwa nafasi yake hufungwa. Hana bakuli, hana msumeno, hana wa kumsemea jina kaburini. Tulivyoambiwa, na tulivyoamini, asiyeitika hayupo kabisa.

Mwenye Sikio Moja ndiye aliyenishika shati.

"Unatuomba tufe wote ili mmoja aishi."

"Nawaomba mnyamaze kidogo tu."

"Ni kitu kimoja," akasema, na alisema kweli.

Nilimwuliza tu lile sikio lilikwendaje. Akaligusa lililobaki, akasema lilikuwa tawi, kwamba mtu alipiga kelele Mbelwa, naye akageuza kichwa kutazama nani anaitwa. Alisema maneno hayo kisha akaniacha, akarudi kwenye mti wake, na nilimwona anapiga shoka mahali pamoja pasipo kukata kitu.

Sasa nilihitaji wito, na wito haulii bila ajali. Nikapanda hadi kwenye kisiki cha Msimamizi, nikalichukua baragumu mahali linapotundikwa, nikalipuliza kwa pumzi zangu zote. Mashoka yakanyamaza. Msimamizi akaja anatembea haraka, mara ya kwanza kumwona akitembea haraka, akaniuliza nani ameumia. Akapanda juu ya kisiki, kwa kuwa sheria ni sheria na hata yeye hakuwa na ujanja wa kuipita.

"Mbelwa," akaita.

Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Kando yangu mtu alijiziba mdomo kwa kofia, mwingine alijishika koo kwa mikono miwili. Hujui jinsi mdomo unavyopenda kuitika. Miaka yote ile imejaa kooni inataka kutoka, na unaizuia, na unajihisi unafutika, miguu inakuwa myepesi, unatazama mikono yako kuhakikisha kama bado ipo. Hakuna aliyeitika. Nikamtafuta Mwenye Sikio Moja kwa macho. Alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka, mdomo umefungwa.

Nikausikia msitu. Sikuwahi kuusikia. Kulikuwa na ndege mle, kumbe, na maji mahali fulani chini ya majani.

"Mbelwa," Msimamizi akarudia. Hajawahi kuita mara mbili, na sauti yake ilikwaruza.

Kimya. Na chini ya mvule pia kimya. Nilikuwa nimeshateremka mbio, nimelala chini kando ya ule mkono, nimebana sikio ardhini, na mkono haukunibana. Nimechelewa, nikawaza. Nimewaua wote bure na yeye nimechelewa. Nilikata tamaa kabisa, sikubakiza hata punje, na nilikuwa nafungua mdomo niitike, nimalize, turudi tulivyokuwa.

Ndipo Bi Nasemba alipotokea kwenye njia ya visiki, upawa bado uko mkononi, kanga imemteleza begani. Alisimama katikati yetu. Hakuita kama Msimamizi anavyoita, wala kama anavyotuita kwenye uji. Aliita kama mama anayemwita mtoto aingie ndani, giza linaingia.

"Mbelwa. Mwanangu."

Na chini ya mti, nyembamba, imejaa udongo, ikatoka sauti.

"Nipo."

Msimamizi alifungua mdomo aseme hakuna aliyekosekana, akabaki ameufungua. Alitutazama mmoja mmoja. Tulikuwa sote pale, na hakuna aliyeitika. Kwa sheria yake mwenyewe sisi sote tulikuwa tumekosekana, na aliyekuwapo msitu mzima alikuwa mmoja tu, chini ya mvule. Akakaa palepale juu ya kisiki akashika kichwa. Hakuna aliyengoja amri yake. Watu walishaanza kukimbilia nyenzo, wakazipachika chini ya gogo, Mwenye Sikio Moja mbele, na wakainua bila wimbo, bila neno, wakisikilizana kwa pumzi.

Tulimtoa. Miguu yake sitakueleza. Uso ulikuwa mweupe kwa unga wa mbao, haujulikani ni wa nani. Bi Nasemba akapiga magoti akaufuta kwa pindo la kanga, taratibu, paji la uso, pua, meno yaliyoachana. Akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akamfunika kifua kwa kanga ile ile, akainuka, na sikuona uso wake kwa kuwa aliupeleka upande mwingine.

"Nyamazeni hivyo hivyo," akatuambia. "Msiseme kitu."

Akaenda kwenye magogo ya zamani, yale yaliyoota kuvu, ambayo hakuna anayekumbuka yaliangushwa lini, akawa anainama kwenye kila moja na kuita. Watu walisimama na nyenzo mikononi, wanamsikilizia.

Mimi nilikuwa nimekipakata kichwa cha mwenzangu. Midomo yake ilichezacheza. Nikadhani anataka maji, nikainamisha sikio. Hakutaka maji. Alicheka kidogo kwa pua, akatamka jina. Lilikuwa jina la nyumbani, la mtu mmoja, na lilianza kwa kishindo kidogo kama mtu anayetua mzigo. Sikujua ananirudishia langu, au ananikumbusha lake ili nije nilitamke kaburini. Nilitaka kumwuliza, lakini macho yake yalikuwa yananitazama, yanangoja.

Nikaitika, peke yangu.